Mgomba Ambao Sikuupanda

Asubuhi moja nilitoka kumwagilia bustani, nikakuta mgomba umesimama katikati ya lenga-lenga zangu, yaani mchicha.

Jana yake haukuwapo. Na mimi sikuupanda.

Kama hujaishi kwetu Bunia utacheka. Mgomba tu, si nyoka! Lakini kwetu mpangaji hupanda mboga na maharagi, vitu vya msimu. Mgomba hupandwa na mwenye udongo. Mpangaji akiupanda, ametangaza kwamba hapo ni pake.

Naitwa Pétronille. Vita vilinifukuza Djugu na watoto, nikapanga chumba hapa Bunia, mtaa wa Rwambuzi, kwa Papa Léon. Nyuma ya nyumba palikuwa jalala. Nikaomba kulima, akasema lima tu, mama. Takataka nilizitoa kwa mikono. Mboga zile zilitulisha, zikalipa chumba, zikanilipia na masomo ya jioni, maana nilikuwa mtu mzima nisiyejua kuandika jina langu.

Sijaweka ndoo chini, Léon akaingia na shefu wa avenue, kiongozi wa barabara yetu, majirani nyuma yao. Nikajiuliza wamejuaje mapema hivyo.

"Muone. Mukimbizi nilimupokea, sasa anapanda mugomba. Anataka parcelle yangu, kiwanja changu."

"Si miye, Papa Léon."

"Basi nani? Malaika?"

Watu wakacheka. Shefu akaamua nitoke siku hiyo hiyo.

Tukalala kanisani. Juma lile nikamkuta mke wa Léon sokoni, anauza lenga-lenga zangu. Akaniuliza, bila haya, kama nataka fungu moja.

Nilisali kwa hasira, sitawadanganya. Nilimtajia Mungu majina yao wote wawili, na avenue wanayokaa.

Mwezi wa tano 2003 risasi zikajaa mjini. Tukakimbia wote.

Tuliporudi, nyumba ya Léon ilikuwa imeungua pamoja na karatasi zake. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshazungushia parcelle ua, anasema aliikuta haina mwenyewe.

Shefu yule yule akasema bila karatasi maneno hayatoshi, akauliza alama ya mwenyewe iko wapi. Kilichobaki kimesimama ni mgomba tu. Nani aliupanda?

Majirani wakajibu kwamba ni mama Pétronille. Papa Léon mwenyewe aliwaambia.

Nikaitwa. Shefu akanieleza wazi: nikisema mgomba ni wangu, parcelle ni yangu.

Watoto wangu walikuwa wanalala chini ya turubai. Neno moja tu.

Léon akanisogelea, sauti chini. "Mama Pétronille, niko nakuomba. Useme uliniona nikipanda."

"Sikukuona, papa. Sema weye mwenyewe. Na iwe kwa sauti ile ya siku ile."

Mfanyabiashara akaanza kutabasamu. Léon akamgeukia shefu.

"Ni miye nilipanda," Léon akasema. "Nilitaka mboga yake."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Alirudishiwa parcelle. Akaniomba nirudi kulima. Nilikubali kwa sharti moja: mgomba utoke, na niung'oe mimi mbele ya watu wale wale. Niling'oa mpaka kichipukizi cha mwisho.

Wewe unayelima udongo wa kupanga, patana na mwenye nyumba mbele ya mashahidi kabla mbegu haijaota. Na usichukue cha mtu hata ukipewa kwa uongo wake mwenyewe.

Hasira bado naiombea, haijaisha yote. Lakini leo naandika jina langu bila kusaidiwa.

Na la Léon pia, kwenye karatasi ya mapatano yetu.