Wageni wa Pichani

Nilitaka njia ya mkato hadi ofisi ya meneja wa uwanja wa barafu hapa London, mwaka 1968, nikakatiza katikati na viatu vyangu vya ngozi. Mimi niliyezunguka bandari za dunia nikaanguka kitako, kofia ikateleza peke yake hadi golini. Rafiki niliyemsindikiza, Mhindi fundi wa kunoa misumeno aliyewasili juzi kutoka Kisumu, aliuzunguka uwanja kwa adabu akafika kabla yangu.

Alikuja kuomba kazi ya kunoa vyuma vya viatu vya kutelezea. Meneja hakumkaribisha hata kiti. Alituonyesha picha ukutani: timu yao ya hoki ya barafuni ya miaka ya hamsini, msimu ilipotwaa ubingwa. Akagusa kioo kwa kidole, sauti ikalainika.

"Watu walipanga foleni mvuani kuwatazama. Niliwapokea mwenyewe stesheni, na nyumba tukawatafutia."

"Walitoka wapi?" nikauliza, nikijipangusa suruali iliyolowa.

"Kanada. Karibu wote."

"Na hii kazi ya kunoa?"

"Hiyo ni ya watu wa hapa. Ninyi wageni mmezidi."

Damu ilinichemka hadi suruali ikakaribia kukauka. Wale walitafutiwa nyumba. Huyu mwenye pasipoti ya Uingereza mfukoni tangu ukoloni ndiye anayeitwa mgeni! Nikafungua mdomo nimwage hotuba. Rafiki yangu akanishika mkono, akamtazama meneja.

"Sema hutaki Mhindi, bwana, nikatafute kazi kwingine."