Kanda ya Uchagani

Faki Stambuli alikuwa na duka la kunakili kanda hapa Muyeye, mlango wa pili kutoka kwangu. Mimi nilishona nguo barazani, yeye alikaa ndani na mashine zake mbili, moja ya kuchezea kanda na moja ya kunasia, na kati yao waya alioufunga kwa uzi wangu ili usitikisike. Watu walimletea kanda za harusi, za maulidi, za mahubiri ya kanisani, naye akawatolea nakala. Miaka ile wengi Malindi waliifanya kazi hiyo. Alichokuwa nacho Faki peke yake ni kanda ya kelele.

Kanda hiyo aliitengeneza mwenyewe, na haikuwa na wimbo hata mmoja. Kwanza ungesikia bangili za mkewe Mahfudha zikimwagwa kwenye sinia. Halafu bhajia zikitiwa katika mafuta ya moto. Halafu mchele ukipepetwa. Mwisho kayamba, likitikiswa polepole, kisha kwa haraka, kisha likinyamaza ghafla. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kanda ya mtu, alinakili hiyo kwanza, akalinganisha.

"Wimbo unaficha," alinieleza siku moja. "Sauti ya mtu inafika hata mashine ikiwa mbovu. Ngoma inafika. Lakini kayamba ni mbegu nyingi ndani ya matete, na kila mbegu ina mlio wake. Mashine ikishindwa, zinakuwa uji."

Vijana waliopita njiani walimtania. "Bwana Faki, leo unatupigia bhajia za nani?"

"Za kwenu," aliwajibu bila kuinua kichwa. "Hazijaiva."

Kanda ya asili aliiita mama, na nakala akaiita mtoto. Aligeukia ukuta, mimi nikabonyeza moja au nyingine, naye akasema ni ipi. Sikumbuki akikosea. Akisha kumtambua mtoto, alichukua bisibisi ndogo na kuizungusha skrubu iliyo kando ya kichwa cha mashine, kile kinachogusa utepe, kidogo tu, kama mtu anayekuna kipele, mpaka mbegu za kayamba ziachane. Kipimo kingine hakuwa nacho. Kipimo kilikuwa sikio lake.

Kabibi alikuja mwaka 1985, mvua za masika zikiwa zimeanza. Alitoka Dabaso, na kaseti yake alikuwa ameifunga katika ncha ya leso. Alipoifungua, duka zima lilinuka moshi.

"Shikamoo, Mzee Faki."

"Marahaba. Hii umeichoma?"

"Haikuchomwa. Ilikuwa uchagani, pamoja na mahindi ya mbegu."

Nyumba za kwao zina uchaga, dari ya fito juu ya moto wa jikoni, na mahindi yanayowekwa huko hayaliwi na fukusi kwa sababu ya moshi. Dena, kaka yake Kabibi, ndiye aliyemnasa mama yao Jedida akiimba. Dena akafariki. Mama akasema kitu cha kutunzwa kinatunzwa pale vinapotunzwa vitu vingine, akaipandisha kanda uchagani. Ilikaa huko miaka, na hakuna aliyeicheza. Sasa na mama naye hayupo.

Faki hakucheka. Aliishika kaseti kwa vidole viwili na kuipeleka mlangoni penye mwanga. Plastiki ilikuwa imepinda upande mmoja, na utepe ndani umejikunja kama ganda la kitunguu.

"Ni wimbo gani?"

"Wa wanawake wa kwetu, wa kumalizia matanga. Mama ndiye aliyekuwa akiuanzisha. Maneno tunayo, Mzee Faki. Hata mwanangu anayajua. Lakini hatua tunazifuata kwenye kayamba, na mama alikuwa akiligeuza mapigo katikati ya wimbo. Alivyoligeuza hakumwambia mtu. Alilipiga tu, sisi tukafuata." Aliifunga upya ncha ya leso. "Matanga yake ya mwisho ni baada ya mavuno. Tunataka kujifunza kwa kanda, tumwimbie wimbo wake. Tukimkosea hapo, umekwisha, maana hakuna mwingine anayeujua."

"Kanda hii itazunguka mara moja," Faki alisema. "Huenda. Sitaigusa mpaka mashine ipite mtihani."

Kabibi akawa anapita dukani kila alipokuja mjini. Faki alimwekea kiti, akamchezea mama na mtoto, kisha akatikisa kichwa. "Bado."

"Mzee Faki," Kabibi alimwambia siku moja, baada ya kuzisikia bhajia tena, "mama yangu hakuwa akikaanga bhajia."

"Akipita kwenye bhajia atapita popote."

Kichwa cha mashine ya kuchezea kilikuwa kimelika. Alitafuta kingine, akakipata kwa fundi wa Mtwapa aliyekuwa na mashine iliyokufa mota lakini kichwa chake kizima. Kichwa kipya kikifungwa, skrubu inaanzwa upya, kwa sikio. Siku alizoifanya kazi hiyo mimi sikuwepo, nilikuwa Mambrui kwa mazishi ya shangazi yangu. Alipima peke yake.

Niliporudi aliniita kabla sijatua mkoba.

"Fundi, njoo. Mama na mtoto wamekuwa kitu kimoja. Nimewageuzageuza mpaka nimechoka, nimeshindwa kuwatofautisha." Sijapata kumwona na furaha kama ile. Mtu huyu hata binti yake Mishi alipoolewa alitabasamu tu.

"Na ya Kabibi?"

"Nimeinasa jana. Nimemtumia salamu, leo anakuja."

Kanda yenyewe ilikuwa kwenye sahani ya bati, vipande vipande, na unga wa kahawia umetapakaa kama ugoro. Ilikatika ikiwa inakaribia mwisho, na alipoivuta ikakatika kila mahali. "Lakini imefika," alisema. "Yote imefika."

Kabibi aliingia saa ile ile, na Priscilla, mdogo wake marehemu Jedida, mwanamke mnene mwenye maneno makali. Faki aliwapangusia viti, akabonyeza.

Sauti ya Jedida ikatoka. Ilikuwa wazi, pumzi zake zote zikisikika. Kabibi aliziba mdomo kwa leso. Priscilla aliinamisha kichwa, miguu yake ikaanza kujiandaa chini ya kiti. Kisha wakawa wanangoja, nami nikangoja. Nyuma ya ile sauti kulikuwa na kitu kama mtu anayesugua mkeka kwa kiganja.

"Kayamba liko wapi?" Priscilla aliuliza.

"Si hilo?" Faki alisema, bado akitabasamu.

"Hilo lipi?"

"Hilo linalolia."

"Baba, sisi tumetoka mbali. Usitufanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha, mama." Aligeuka akanitazama mimi. "Fundi, halilii?"

Niliona afadhali asikie kwangu. "Sauti ya bibi ipo yote," nilimwambia. "Kayamba ni upepo tu."

Aliitoa kanda polepole, akatia ya kelele, mama upande huu na mtoto upande ule. Halafu akaenda akasimama akiutazama ukuta, mikono nyuma. Nilibonyeza.

"Mama," alisema.

Alikuwa mtoto. Hata mwanamke wa kwanza kupita njiani angejua, bangili zilikuwa zinaanguka kama mawe ndani ya gunia. Nilibonyeza ile nyingine. Akasema, "Mama huyo huyo." Nilibonyeza tena. Aligeuka akaitazama mashine.

Wakati huo Mahfudha alikuwa anaingia na chakula cha mchana. "Baba Mishi," alisema, "mbona leo umeifunika redio blanketi?"

Aliiweka sufuria chini, akatutazama mmoja mmoja, akatoka.

Daktari alimwambia kwamba sauti nyembamba zimemwondoka, na haziondoki siku moja, zinaondoka kidogo kidogo kwa miaka. Hazirudi. Faki alikuwa anasikia adhana, anasikia injini, anasikia watu wakisema, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku. Aliporudi kutoka hospitali alilichukua kayamba lake akalitikisa karibu na sikio, akalitia mapajani akalitikisa tena.

"Nalihisi mikononi," alisema. "Nilidhani nalisikia."

Kuanzia hapo skrubu niliizungusha mimi. Siku ya kwanza tu mbegu ziliachana, zikatoka nzuri, bhajia zikachemka. Faki alinikodolea macho usoni ili ajue. Lakini kwa Kabibi haikusaidia kitu. Ambacho hakikunaswa hakimo, na kanda ya kukitoa ilikuwa kwenye sahani. Tulijaribu kuviunga vipande kwa gundi chini ya taa. Kipande kimoja kilizunguka, kikatoa nusu ya neno, kikamwaga unga juu ya kichwa cha mashine. Vingine havikutoa chochote.

Baada ya mavuno Kabibi alitualika Dabaso kwenye matanga ya mwisho ya mama yake. Mimi nilitaka kutafuta udhuru, Faki akakataa. "Tumekula muda wake," alisema. "Twende tukaone."

Ilikuwa alasiri. Redio ya kaseti, yenye nakala ya Faki, ilikuwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, na wanawake wamejipanga mstari. Priscilla alishika kayamba. Sisi tulipewa benchi pembeni na maji ya madafu. Kabibi akabonyeza, na Jedida akaanza kuimba, nao wakamwitikia vizuri sana, maneno hayakuwapotea hata mahali pamoja. Faki aliinamia mbele. Hakuitazama redio, aliitazama miguu yao.

Wimbo ulifika katikati. Priscilla aliinua kayamba, akasubiri, akalishusha. Mmoja alikanyaga kulia, aliye kando yake akakanyaga kushoto, wakagongana mabega na kucheka kidogo. Kabibi aliirudisha kanda nyuma. Wakaimba tena, wakafika pale pale, na Priscilla akategea sikio kama mtu aliye nyuma ya mlango uliofungwa. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Tuimbe ule wa kanisani," mmoja wao alisema. "Jua linakwenda."

"Tujaribu tena," Kabibi alisema. "Mara moja tu."

Walijaribu. Maneno yalipita, yakaenda mbele bila wao.

"Limeingia?" Faki aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Bado."

Wanawake wawili waliondoka kwenye mstari kwenda kutazama sufuria motoni, mwingine akawafuata. Kabibi alibaki amesimama mbele ya redio, mikono ameshika kiuno, mama yake akiendelea kuimba. Faki aliendelea kuitazama miguu ya wale waliobaki, na ile miguu ilikuwa imetulia mchangani, imesimama tu.