Cherehani Ambayo Shangazi Hakuiomba

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili usihangaike kunitafutia huruma, maana najua mtu akisikia habari za kampuni, gesi na maajenti, haraka haraka husema, "Masikini, walimtumia." Walinitumia, ndiyo. Lakini mdomo ulikuwa wangu na akili zilikuwa zangu timamu, tena nilikuwa nimevaa na kitambulisho shingoni!

Jina sitaji. Watu wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, wananijua tayari, na hao sina cha kuwaficha.

Mimi ni mkalimani. Kiswahili nimezaliwa nacho, Kimwani nimekiokota kwa majirani, Kimakonde nakisikia. Kireno nilisomeshwa Pemba, mji wetu wa Msumbiji, siyo kile kisiwa, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alisuka mikeka mpaka vidole vikapinda, ili mimi nikae darasani nijifunze kusema Kireno cha watu wa ofisini. Mwenyewe Kireno hajui hata neno moja.

Gesi ilipopatikana kule baharini, Palma ikajaa wageni, na kila mgeni alitaka kujua watu wanasema nini. Nikaona nyota yangu imewaka! Ila kampuni haikuchukua mtu kutoka mtaani. Ilichukua kwa ajenti.

Ajenti wetu nitamwita Sinyori Nito, na hilo siyo jina lake. Ofisi yake ilikuwa chumba nyuma ya duka la simu: meza moja, feni mbovu na mhuri. Nje kulikuwa na benchi, na kwenye benchi tulikaa sisi, mafundi wa kuchomelea, madereva, wapishi, na mama mmoja mpima ardhi kutoka Nampula. Kila mmoja na bahasha yake ya vyeti, tukisubiri Sinyori amalize soda yake.

"Ninyi siyo wafanyakazi wangu," alikuwa akituambia kwa upole. "Ninyi ni washirika. Kila mmoja hapa ni mkandarasi huru."

Huru! Nililipenda sana neno lile. Nilikuwa huru kuugua kwa gharama zangu. Nilikuwa huru kuitwa asubuhi na kurudishwa nyumbani kabla ya adhuhuri. Mkataba wangu ulikuwa wa mwezi mmoja mmoja, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilikuwa huru kuliko ndege. Kitu kimoja tu kilikatazwa: kusema na kampuni. Kifungu kizima kiliandikwa kwamba mkandarasi asiwasiliane na mteja bila kupitia kwa ajenti. Yaani nikae kutwa nzima bega kwa bega na watu wa kampuni, nikisema maneno yao yote, lakini langu mwenyewe hata moja nisiseme. Nikatia saini. Nikashukuru na kumshukuru tena.

Siku moja Sinyori Nito aliniita ndani.

"Kesho mkutano ni kijijini kwenu," alisema.

Kijiji chetu kilikuwa kinahamishwa kupisha mradi. Kabla ya kuhama, kila nyumba ilitakiwa kueleza ina nini pale: miti, visima, makaburi.

"Sinyori, si bora apelekwe mwingine? Wale ni ndugu zangu."

"Ndiyo maana unakwenda wewe. Wakikuona watatulia." Akafungua droo, akatoa mkataba wangu wa mwezi unaofuata, haujapigwa mhuri, akauweka mezani baina yetu. "Mkutano uliopita mkalimani aliwaacha watu waongee makaburi mpaka alasiri. Makaburi, makaburi! Kazi ikasimama wiki nzima. Mteja amechoka. Nataka mkutano mwepesi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Wakisema mengi, wewe fupisha. Kufupisha siyo kusema uongo."

Jamani, maneno mazuri hayo! Nilitoka nayo kifuani kama dua. Na yule mkalimani wa mkutano uliopita nilimjua. Benchini hakuonekana tena.

Kesho yake tukakutana kwenye uwanja wa shule. Viti vya plastiki, turubai, maji ya chupa. Kampuni ilimleta Dona Elsa, mama mmoja mpole wa kutoka kusini, mwenye daftari kubwa na subira. Namsema kwa wema kwa sababu anastahili. Yule mama aliuliza kila mtu, na alisubiri jibu.

Ikafika zamu ya shangazi. Akasimama, akajitanda vizuri kanga yake, akasema taratibu ili nisikose neno:

"Mimi sikatai kuhama. Ila huyu mama aandike. Mume wangu amezikwa nyuma ya shamba langu la mihogo, upande wa kusini wa njia ya pwani. Hakuzikwa na wenzake makaburini, maana ilikuwa wakati wa vita, watu hawakuweza kutoka. Kaburi halina jiwe, limezungushiwa makombe ya baharini. Asiyejua atalipita bila kuliona. Waje niwaonyeshe, wamhamishe kwa heshima yake. Aandike hilo, kisha nitaweka dole gumba."

Dona Elsa akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikatazama nyuma. Sinyori Nito alikuwa ameegemea gari, mikono kifuani, anatazama saa yake.

"Anaushukuru mradi," nikasema, kwa Kireno safi kabisa, kile nilichosomeshwa kwa mikeka. "Yuko tayari kuhama."

Dona Elsa akakunja uso. "Mbona ameongea sana? Hana ombi lolote?"

Oneni! Mungu alinipa nafasi ya pili palepale, kwa mdomo wa mgeni. Ningeweza kusema samahani, nimesahau kitu. Badala yake nikatafuta ombi dogo, zuri, lisilosimamisha kazi ya mtu.

"Anaomba cherehani."

Dona Elsa akatabasamu, akaandika. Mimi nikamgeukia shangazi, nikamwambia, "Wameandika, shangazi. Watakuja."

"Ahsante, baba," akasema, akaweka dole gumba pale nilipomwonyesha.

Jioni mkataba wangu uligongwa mhuri, na Sinyori Nito akaninunulia robo kuku kwa uhodari wangu. Nikala. Nikasaza mifupa tu!

Watu wakahamia kijiji kipya. Nyumba za matofali, zimepangwa kwa mistari, milango yote sawa, mpaka wageni wakawa wanaingia nyumba siyo zao. Shangazi akakaa humo na binti yake Saumu. Kila nikienda kumsalimia swali lilikuwa moja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Wale watu wa kaburi wanakuja lini?"

"Karibuni, shangazi. Wana kazi nyingi."

Miezi ikapita hivyo. Nilijua sehemu ile ya mashamba ilikuwa haijaguswa bado, kwa hiyo nilijifariji kwamba kitu ambacho hakijaharibika hakina haraka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Ijumaa moja baada ya swala nilikuwa kwa shangazi, tunakula samaki wa nazi, gari la kampuni likasimama mlangoni. Akashuka Dona Elsa, mpiga picha, na dada mmoja mkalimani wa kutoka Mocímboa nisiyemjua. Nyuma yao vijana wawili wamebeba cherehani mpya, imefungwa utepe mwekundu.

Nikalirudisha tonge sahanini.

Shangazi akaizunguka ile cherehani mara moja. "Hii ya nani?"

"Yako, bibi," yule dada akamwambia. "Uliiomba kwenye mkutano."

"Mimi? Mimi sijui hata kutunga uzi kwenye sindano ya mashine. Nisomee nilichoomba."

Yule dada akalichukua daftari, akatafuta ukurasa, akasoma kwa Kiswahili, kwa sauti, majirani wote wakisikia: "Bi Mwanaidi anaushukuru mradi. Yuko tayari kuhama. Anaomba cherehani."

"Na kaburi?"

"Kaburi gani, bibi?"

Shangazi akanitazama. Ningemshukuru kama angepiga kelele! Akaingia ndani akafunga mlango, wageni wakabaki uani na utepe wao.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Dona Elsa alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Lakini mimi mkandarasi huru nilikumbuka kifungu. Nikanyamaza, nikapanga kwenda kwa ajenti kuomba ruhusa ya kusema kweli. Ndiyo, umesoma sawasawa: ruhusa!

Jumatatu nikakaa benchini, Sinyori Nito alikuwa na wageni. Jumanne nikakaa benchini kutwa, alikuwa na wageni wengine. Jumatano akanipokea.

"Sinyori, kuna kosa kwenye daftari la mkutano wa kwetu. Naomba lisahihishwe."

"Kosa la nani?"

"Langu."

"Basi kaa nalo." Akacheka. "Wewe ni mkalimani au wakili? Daftari limeshasainiwa. Shangazi yako ameweka dole. Ukimfuata mteja, unajua kifungu kinasemaje."

"Wewe ndiye uliyeniambia nifupishe."

"Nilikwambia ufupishe. Habari ya cherehani nilikwambia mimi?"

Hakuniambia. Uongo wa cherehani ulikuwa wangu peke yangu!

Alhamisi nikaenda kwenye geti la kampuni, nikasimama juani mpaka gari la Dona Elsa likatoka. Nikalipungia. Nikamweleza yote pale barabarani, kwa Kireno kilekile. Alifumba macho. Kisha akauliza swali moja tu: "Kaburi liko wapi hasa?" Nikamwambia. Akapiga simu papo hapo, na kesho yake gari lilikuja kutuchukua.

Ndani ya eneo la kazi kuna sheria. Kila aingiaye lazima avae kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, hata kama anakwenda kuzuru kaburi la mumewe. Basi shangazi akavalishwa kofia ngumu ya njano juu ya ushungi. Saumu akavalishwa. Mimi nikavalishwa. Tukatembea kwenye mstari kama mafundi wanaokwenda zamu.

Shamba la mihogo halikuwepo. Palikuwa na ardhi nyekundu, imelazwa sawa, inangoja kuwa barabara. Shangazi akasimama, akageuka huku, akageuka kule. Njia ya pwani aliyokuwa akiifuata kwa macho haikuwepo tena.

"Ni wapi?" akauliza. Hakumwuliza mtu.

Dona Elsa akamwita dereva wa greda. Mtu mzima, Mmakonde, akavua kofia alipoambiwa ni jambo la kaburi. "Mama, nisamehe," alisema. "Sikuona kitu. Kulikuwa na makombe makombe tu, nikadhani watu walikuwa wanakula chaza hapa."

"Lini?" nikauliza mimi.

"Jumanne."

Jumanne! Jumanne mimi nilikuwa benchini, nasubiri ruhusa!

Shangazi akasoma Yasini amesimama, ameielekea ardhi yote ile, kwa sababu hakujua aelekee upande gani. Kofia ilikuwa kubwa, ikawa inamshuka machoni, na kila ikishuka aliipandisha bila kukatiza aya. Dona Elsa alilia. Dereva alilia. Mimi sikulia, niliona haya kulia mbele yake.

Baadaye kampuni ilileta barua ya kuomba radhi, ya Kireno. Shangazi alimtuma Saumu akamlete yule dada wa Mocímboa aje kuitafsiri. Nilikuwepo palepale, nimekaa kwenye mkeka wake. Hakunipa niishike.

Sinyori Nito? Hajambo kabisa. Siku ileile niliyosema na Dona Elsa getini alinifuta kwenye orodha yake, na maajenti wenzake wote wakaambiwa mimi siaminiki. Na kweli siaminiki, hilo hawakukosea! Yeye amehamia ofisi kubwa zaidi, yenye feni inayozunguka. Benchi lake limejaa.

Ninyi mliokaa kwenye benchi lile leo, na bahasha zenu, mkisubiri soda iishe, nawasemesha ninyi. Ajenti akikuita mshirika, mwulize mnashirikiana nini. Akikwambia fupisha, mwulize afupishiwe nani. Na kama kazi inakutaka unyamaze mahali ambapo mtu wako amekuamini, iache hapohapo, usisubiri mpaka Jumatano. Kosa langu sikulifanya kwa njaa, nyumbani tulikuwa tunakula. Nililifanya kwa mhuri.

Kwa shangazi bado naenda kila Ijumaa. Hanifukuzi. Ila tangu siku ile hajanisemesha moja kwa moja. Tunakaa mkeka mmoja, na baina yetu anakaa Saumu.

"Saumu, mwulize mgeni kama atakula," shangazi alisema Ijumaa iliyopita.

"Anauliza kama utakula," Saumu akaniambia.

"Mwambie nitakula, na namwomba radhi."

Saumu akamgeukia mama yake. "Anasema atakula, na anakuomba radhi."

Shangazi akapakua wali, akausogeza kwangu, macho yake kwa binti yake.

"Mwulize tena," akasema. "Hakikisha ndivyo alivyosema."