Siku Mama Alipoiita Meli kwa Debe

Baba yangu alikuwa mtunza taa pale Kipili, kando ya ziwa, enzi za Mwingereza. Taa ilikuwa juu ya mnara mfupi wa mawe, kilimani, ikiwaonyesha manahodha njia ya kupita kati ya visiwa. Sisi hatukuwa watu wa ziwa. Wazazi wangu walitoka Mwazye, kwenye mashamba ya ulezi, na Mama aliteremka Kipili akiwa hajawahi kupanda hata mtumbwi.

Kila asubuhi Baba alizima taa na kupunguza utambi, halafu Mama na mimi tukasugua kioo kwa majivu yaliyochekechwa. Mama alikikagua akiwa ameinamisha kichwa. Akiona alama ya kidole, tulianza upya, hata kama uji ulikuwa unapoa.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, mioto ya nyika ilishuka milimani na moshi ukafunika ziwa. Meli ilitarajiwa alasiri. Tulisikia honi yake, lakini hatukuiona. Baba akawasha taa mchana ule ule, akateremka mnarani machozi yakimtoka kwa moshi.

"Mwanga haufiki popote," alisema.

Honi ikalia tena, safari hii upande wa miamba.

Mama alichukua debe tupu la mafuta ya taa. "Baba watoto, kama hawatuoni, basi watusikie."

"Kazi niliyopewa ni taa."

"Taa umeshawasha. Niache na mimi nifanye yangu."

Akateremka mbio hadi ufukweni, mimi nyuma yake, akiwaita wanawake waliokuwa wakianua dagaa. Walikuja na madebe na masufuria. Mama alisimama kwenye ncha ya gati, akatupangia: tupige kwa pamoja, tunyamaze tusikilize honi, tupige tena. Moshi ulitukaba, mikono ikafa ganzi. Mara nikasikia mlio mzito kando yangu. Alikuwa Baba, ana nyundo yake, anapiga pipa.

Honi ikaanza kusogea upande wetu. Kisha meli ikatokeza taratibu, abiria wamejaa kwenye ukingo, wengine wakitupungia vitambaa. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nahodha aliposhuka alimwendea Baba moja kwa moja, akampa mkono. "Kazi nzuri, mtunza taa."

"Mshukuru mke wangu, bwana. Mimi nilimfuata yeye."

Nahodha akavua kofia. Mama alifuta masizi mkononi kwa kanga yake, ndipo akampa mkono, akimtazama usoni.

Safari iliyofuata, meli ilituletea kengele ya shaba. Ilifungwa gatini, na kamba yake akakabidhiwa Mama. Krismasi tulipopanda Mwazye, wanaume walimzunguka Baba nje ya kanisa wakimuuliza habari za taa.

"Taa ipo," aliwajibu. "Lakini kwanza niwaambie habari za mwenye kengele."

Mama akajifanya hasikii. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, na nilitaka kila mtu aone kwamba ni mama yangu.