Siku Haidrojeni Ilipoondoka na Pete Yangu

Wengine pete zao za uchumba huibiwa. Yangu ilipaa angani, ukweni, mchana kweupe. Acha kucheka, sikiliza kwanza.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa sayansi kijijini Endabash, jirani na Ngorongoro, kijana mwenye nywele za afro na mdomo usiotulia.

Siku moja nikasikia redioni kwamba galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinazunguka kwa kasi mno. Kwa kasi hiyo, nyota za pembeni zingekuwa zimeshachomoka. Lakini kuna kitu kisichoonekana kinazishikilia kwa uzito wake, na wataalamu bado wanakitafuta.

"Ni haidrojeni!" nikatangaza kijiji kizima. "Gesi nyepesi imezizunguka pande zote!"

Nani aliniambia? Hakuna. Nilijiamini tu.

Maneno yakamfikia mzee Hhando, baba yake Lukresia wangu. Nilipokwenda kuposa, akanisubiri na hilo.

"Mwalimu, kitu kisichoonekana hakipo. Nithibitishie kipo, umchukue binti. Ukishindwa, usikanyage tena hapa."

Jumapili baada ya misa nikarudi na puto la haidrojeni, niliyoitengeneza kwa asidi ya betri na zinki, ili mzee ahisi mkononi nguvu ya kitu asichokiona. Kwa mbwembwe zangu, pete nikaifunga kwenye uzi.

Mzee akashika uzi. Puto likamvuta mkono juu.

"Hee! Uzito gani huu unaopanda?"

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Nikajitetea kwamba gesi ina uzito, ila hewa inaizidi. Nani anasikiliza? Mzee mwenyewe alicheka mpaka vidole vikaachia.

Mama yangu! Puto likavuka zizi, likavuka shamba la mahindi, likashika njia ya Ngorongoro na pete yangu mpaka likapotea. Nikaishiwa pozi. Nilijua nimemkosa Lukresia.

Ndipo yeye akasimama.

"Baba, pete unaiona?"

"Siioni."

"Kwa hiyo haipo?"

"Ipo, wewe! Si nimeiachia mwenyewe sasa hivi?"

Mzee akashtuka kusikia alichosema. Akamtazama binti yake, kisha mimi.

"Mchukue mwalimu wako," akasema, "kabla hajarusha na nyumba yangu."

Niliruka kama ndama aliyefunguliwa!

Sasa cheka. Baadaye wataalamu waliipima ile haidrojeni ya kwenye galaksi. Ipo kweli, lakini uzito wake hautoshi, na kitu chenyewe bado kinatafutwa. Jamani, nilioa kwa jibu la kukosea!

"Nilijua unabuni," Lukresia ananiambia. "Sikukupenda kwa ajili ya gesi."

Vijana, usikatae kitu kwa kuwa hukioni. Ila usikibatize jina kabla hujakipima.

Na hadi leo, akipita mnadani Mmasai wa Ngorongoro mwenye kitu kinachong'aa sikioni, mke wangu humkodolea macho bila aibu.