Funga ya Dada Yangu

Dada yangu aliachwa kwa simu. Mumewe alikuwa safarini na mbuzi wake wa biashara, akatamka talaka kwa ujumbe wa sauti, kisha akamtuma kaka yake ampakie kwenye basi. Watoto wawili walizuiwa Banissa kwa mama wa huyo mume. Kisheria angekaa eda palepale kwa mumewe, lakini nani alimpa nafasi? Alifika kwetu Garissa na begi moja, akaingia chumba cha ndani.

Hiyo eda ndiyo iliyotupumbaza. Kwa desturi yetu, mwanamke aliye edani hatoki ovyo na hajirembi. Kwa hiyo aliponyamaza, tukasema ni eda. Alipoacha kuchana nywele, eda. Alipolala mchana kutwa akitazama ukuta, ni eda tu hiyo, itaisha. Na chakula alipokikataa, alisema analipa funga za Ramadhani zilizompita. Kila mwanamke ana siku kama hizo, hakuna aliyeshangaa.

Majirani walikuja alasiri wakanywa chai ya mama na kumsifu. "Mashallah, umezaa mwanamke mwenye subira," alisema shangazi yangu, dada wa baba, bingwa wa kusifu. "Wengine hupiga kelele mpaka mtaa wa pili." Nilitamani kumziba mdomo kwa anjera, mkate wetu wa maji. Bangili iliyokuwa ikimbana dada sasa ilipanda mpaka karibu na kiwiko, na hakuna aliyeiona ila mimi niliyelala naye chumba kimoja.

Nikaanza kuogopa kurudi nyumbani. Nilipotoka kazini, kila tuktuk ilipokaribia kona yetu, nilichungulia kwanza kama kuna watu wamejaa mlangoni. Sikujua naogopa nini hasa. Nilijua tu kwamba naogopa.

Siku moja adhuhuri nilitandika mswala, dada hakuinuka. Nilipomuuliza, akasema yuko kwenye siku zake. Nikaswali peke yangu. Baadaye nikampelekea anjera na nyama kavu ya nyirinyiri, akaisukuma sahani.

"Nimefunga," akasema.

Mwanamke aliye kwenye hedhi haswali, na wala hafungi. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Dada, ambaye ndiye aliyenifundisha mimi mambo hayo nilipovunja ungo, alikuwa amechoka kiasi cha kusahau kupanga uongo wake.

Nikaketi mbele yake. "Abaayo, dada yangu, kwenye siku zako hufungi. Tangu lini huli?"

Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alinitazama kwa upole uliosisimua mwili, akasema, "Nilitaka mimi na eda tuishe pamoja."

Mama alikuwa mlangoni na birika mkononi, akasikia. Shangazi alikuja mbio, akaanza habari za jini, tumwite shekhe, tena mwenye eda hatolewi nje. Mama yangu ameogopa maneno ya watu maisha yake yote. Siku hiyo alimwambia wifi yake, "Nipishe!" Akamshika bintiye kiunoni, akamtoa mpaka kwenye tuktuk mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama.

Kwenye zahanati nesi akauliza lini mgonjwa alikula mara ya mwisho. Mama akawahi kujibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Sista, huyu mutoto nafunga tu, yeye iko na..." Hakumaliza. Alijifunika uso kwa shungi na kulia, na nesi ikabidi anigeukie mimi.

Dada alitundikiwa dripu, kisha akapelekwa kwa daktari wa akili, ambaye bado anamwona. Kumbe kuna jina la ugonjwa ule, na kuna dawa. Eda imeisha na dada yupo, alhamdulillahi. Anakula tukimtazama. Wakati mwingine anacheka, lakini akiwapigia watoto kule Banissa, simu haipokelewi, na kicheko kinakatika siku nzima.

Jana jioni, tukikunja nguo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kesho Alhamisi. Nitafunga sunna."

Mama akanitazama, nami nikamtazama. Hatukuthubutu kumkataza ibada, wala hatukuweza kumwamini.