Pikipiki Iliyorudishwa Kituoni

Kama methali zingekuwa zinashitakiwa, ningeanza na ile ya samaki mmoja akioza wote wameoza. Mimi ni bodaboda, steji yangu ya kusubiria abiria iko Mvara, Arua, na methali hiyo ndiyo iliyonifanya nitembee kwa miguu.

Mtu mmoja akiwa juu ya pikipiki alimpokonya mwanamke simu karibu na steji yetu. Hakuwa mwenzetu, na mwanamke mwenyewe alisema hivyo. Polisi wakaja na lori, wakazoa pikipiki zote zilizokuwa zimeegeshwa pale, yangu ikiwemo. Nilipokwenda kituoni kuuliza kosa langu, askari aliyekuwa mezani hakuinua hata kichwa.

"Nyinyi bodaboda iko wezi wote," alisema.

Basi tukawa tunakaa stejini bila pikipiki, tukiwatukana polisi tangu asubuhi, na mimi nikitukana kuliko wote. Ila kulikuwa na jambo ambalo wenzangu hawakulijua. Dada yangu mdogo, anayeishi nyumbani kwetu Koboko, alikuwa anaposwa na polisi, kijana wa mbali aliyehamishiwa huko. Alimpenda, na hakuficha.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kusema kwa niaba yake. Lakini kwetu, mjomba asipokula pamoja na wageni, posa imekufa. Na mjomba wetu ni mtu wa Ombaci, karibu na Arua, ambako wanajeshi waliwahi kuua raia. Alipokuwa mtoto, watu wenye sare walimwachia kaburi la baba yake, na tangu hapo kwake sare zote ni moja. Simlaumu. Kinachonichosha ni kwamba mjomba huyohuyo hupandisha hasira akikumbuka alivyonyimwa chumba Kampala, kwa sababu mwenye nyumba alisikia anatoka West Nile, huku kwetu, akadhani ni muuaji kama mtawala yule wa zamani aliyetoka huku. "Mimi niliua nani?" huuliza mpaka leo, kana kwamba mwenye nyumba yule amekaa mbele yake.

Siku ya posa tulikusanyika Koboko. Wageni walikuwa wamekwisha kuketi, bwana harusi mtarajiwa tu hayupo. Mara tukasikia pikipiki, nami nikaitambua kwa mlio kabla sijaiona. Ilikuwa yangu. Kijana aliingia nayo uani amevaa shati jeupe, anatabasamu, ameiendesha barabara yote ile kutoka Arua. Alitaka kutufurahisha. Na mimi nilifurahi kweli, nikanyoosha mkono nipokee ufunguo.

"Hii piki, nani alitoa?" mjomba akauliza.

"Mimi, mzee. Napigia simu mukubwa wa pale, anaachilia."

"Simu moja tu?"

"Moja tu, mzee." Alijibu kwa fahari, masikini.

"Na zile ingine?"

Mjomba akaisukuma sahani yake katikati ya meza.

"Mutu anaweza kutoa piki na simu moja, anaweza kufunga mutu na simu moja. Polisi yote iko namna hiyo."

Nilimkasirikia kijana kwa ujinga wake, nikamkasirikia mjomba kwa sababu alikuwa amesema kweli, na mkono wangu bado ulikuwa hewani. Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kunawia mikono, maji yakimmwagikia miguuni.

"Shemeji, rudisha hii piki," nikasema. "Itatoka pamoja na zile za wenzangu."

Alinitazama, kisha akamgeukia mjomba. "Nimekosea, mzee. Nilitaka kusaidia." Mjomba hakula. Alisema atafikiri, akaondoka.

Jumatatu kijana aliirudisha. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu yake Koboko, kwa hiyo alikuwa bado amevaa sare, akapita nayo mbele ya steji yetu mchana kweupe, akaingia kituoni. Wenzangu wote walimwona polisi juu ya pikipiki yangu. Wakanipigia simu kunipa pole, kwamba nimeporwa mara ya pili.

Nilikwenda nikawaeleza yote, hata habari ya posa. Wakacheka.

"Polisi arudishe kitu?" mmoja akasema. "Wewe unamutetea sababu iko shemeji yako."

Tangu hapo nikikaribia stejini wananyamaza. Sina sare, sina bunduki, sina hata pikipiki, lakini nimeshakuwa polisi. Habari ilifika Ombaci kwa mwendo wake wa kawaida, yaani kabla ya ukweli. Mjomba akatuma neno: "Nilisema." Hataki kikao kingine.

Nilikwenda kwake kwa miguu. Nilimkuta anachambua maharage nje ya nyumba.

"Mjomba, aliirudisha kwa sababu yako," nikamwambia. "Wewe ulisema vibaya kutoa moja, yeye akasikia."

"Watu waliona na macho yao."

"Waliona sare. Na yule wa kituoni aliona bodaboda, akasema iko wezi wote. Yule wa Kampala aliona nini kwako, mjomba?"

Hapo nilivuka mpaka, najua. Mjomba hasemeshwi hivyo na mtoto wa dada yake. Aliacha maharage, akanyanyuka polepole, akaingia ndani. Nami nikageuka nikashika njia, nikiwatukana polisi, steji, Kampala, na methali zote za samaki.

Usiku dada alipiga simu kutoka Koboko. Hakuuliza mjomba alisema nini. Anamjua, mjomba akikataa jambo hufunga mlango kwa komeo, na akiwa bado anafikiri huuegesha tu.

"Kaka, aliufunga au aliuegesha?"

Ningetoa pikipiki yangu nimjibu. Lakini nilikuwa na hasira, sikugeuka nyuma kuangalia mlango.